Jina Nimeshataja, Afande

"We dogo. Simama hapohapo."

Giza lilikuwa bado halijaisha, Kirumba, Mwanza, kwenye barabara ya kushukia mwaloni, soko la samaki na dagaa kando ya ziwa. Nilikuwa nimesimama nje ya geti namsubiri bodaboda wangu, niwahi dagaa wa kumtumia wifi yangu Dar. Ukichelewa mwaloni unakuta waliobaki ni wa kulishia kuku. Kijana aliyeitwa alikuwa na gunia tupu amelikunja kwapani, buti za mpira miguuni, kofia ya sufu kichwani. Vijana wa kupakia na kupakua mizigo wote wako hivyo saa zile. Askari walikuwa wawili. Mmoja ana sare, mwenzake kavaa jaketi jeusi na suruali ya jinzi.

"Shikamoo afande."

"Unaitwa nani?"

Akataja majina yake yote matatu. Akataja mtaa. Hakuulizwa zaidi, lakini akaendelea mwenyewe: mwenyekiti wa mtaa wake fulani, mzee anayempa kazi fulani, yuko upande ule wa dagaa wa Ukerewe, muulizeni yeyote.

"Kitambulisho."

"Kipo nyumbani, afande. Nikienda nacho kazini kinalowa."

"Sasa mimi nitajuaje wewe ni nani?"

"Jina nimeshataja, afande."

Alilisema kwa adabu kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau. Yule wa jaketi akacheka, akampiga tanganyika jeki, suruali ikavutwa juu kwa kiuno, wakaondoka naye.

Bodaboda wangu akafika. Nikapanda, nikaenda kununua dagaa.

Karatasi ya buku jero

Nina duka la steshenari. Kopi, kuprinti, leminesheni, picha za pasipoti, kuandika barua za kuomba kazi, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi msimu ukifika. Saa nne asubuhi ile akaingia mama mmoja, kanga mbili, pumzi juu juu.

"Mwanangu, naomba unitolee namba ya NIDA ya kijana wangu. Kashikwa."

Namba hiyo ya kitambulisho cha taifa alikuwa nayo, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari la kikoba. Akanisomea tarakimu ishirini mojamoja na mimi nagonga. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo nilijua umri wa kijana kabla sijaambiwa jina lake. Alipoanza kunitajia majina, nikajua ni nani. Nilikuwa nimeyasikia alfajiri, kwa mpangilio uleule.

Alikuwa na picha moja ya pasipoti, ya zamani kidogo, kijana akiwa na shati la shule. Nikaibandika kona ya juu kulia. Nikaandika majina kwa herufi kubwa, namba chini yake, nikaprinti, nikakata, nikapitisha kwenye mashine ya leminesheni. Mama akaniomba nizungushe kona kwa mkasi, zisiwe na ncha, "ili kifanane fanane." Nikazungusha. Kuprinti mia tano, leminesheni elfu moja.

Kabla ya adhuhuri kijana alikuwa nje.

Mama alirudi kunishukuru, na shukrani yake ndiyo imeniharibia wiki zote hizi. Anasema afande wa zamu aliishika ile karatasi, akaigeuza nyuma, nyuma ni nyeupe, akaigeuza tena mbele, akasema haya, mchukue mwanao, na siku nyingine atembee nayo.

Jambo lenyewe ni hili. Majina matatu yaliyotoka kwenye mdomo wa mwenyewe hayakutosha. Majina yaleyale yalipotoka kwenye printa yangu, ambayo ina tatizo la kuacha mstari wa wino pembeni, yakatosha. Ile karatasi haina mhuri wala saini. Hakuna ofisi ya serikali iliyoigusa. Ukinipa elfu moja na mia tano na majina yoyote unayoyataka, nakutengenezea ya kwako.

Sasa askari alitambua nini pale?

Wakili anayelipa mwisho wa mwezi

Kuna wakili kijana anayeprinti nyaraka zake kwangu. Analipa mwisho wa mwezi, mwezi gani hasemi. Nikaona siku hiyo na yeye alipe kwa maelezo. Nikamsimulia, nikamuuliza: mtu akisimamishwa na polisi, analazimika kutoa nini?

Akaanza na yale mepesi. Ukiwa umeshika usukani hakuna mjadala, leseni itoke. Hiyo ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kila bodaboda anaijua bila kuisoma. Ukiwa mgeni kutoka nchi nyingine, pasipoti na kibali chako viwe karibu.

"Na mimi ninayetembea kwa miguu?"

Hapo akaweka faili chini.

"Wewe, askari anayepeleleza kosa anaweza kukuuliza jina lako na unakoishi. Mjibu. Usimdanganye, maana kumpa ofisa wa umma taarifa ya uongo ni kosa linalojitegemea, hata kama lile alilokuwa analipeleleza halikuhusu. Akikuandikia kwa maandishi ufike kituoni kueleza unachokijua, unafika, na unasema kweli. Isipokuwa lile swali ambalo jibu lake litakutia hatiani wewe mwenyewe, hilo una haki ya kuliacha."

"Na kitambulisho?"

"Kitambulisho ni ushahidi wa jina. Na kukamatwa kuna masharti yake. Anayekukamata anatakiwa akuambie kosa palepale anapokukamata. Kwa hiyo swali lako lisiwe kama kijana alikuwa na kadi. Liwe hivi: alikamatwa kwa kosa gani?"

Nilikuwa nalo jibu, mama alinitajia. Kwenye daftari la kituo walimwandika uzururaji.

Wakili akacheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha ndani yake.

Saa kumi alfajiri, Limbe

Kanuni yetu ya Adhabu ina vifungu vya watu wavivu na wazururaji. Ukivisoma unaona kabisa havikuandikwa na mtu wa huku. Mizizi yake iko Uingereza, kwenye sheria yao ya mwaka 1824. Kuna sehemu inamtaja mtu anayeshukiwa, asiye na njia inayoonekana ya kujipatia riziki, na asiyeweza kujieleza akaeleweka.

Niliirudia hiyo sehemu mara kadhaa. Nani anapima kama nimejieleza nikaeleweka? Yule anayenisikiliza. Na kama hataki kuelewa?

Wakili akanionyesha kesi ya Malawi. Mwaka 2016 Mayeso Gwanda, muuza mifuko ya plastiki, alikuwa anatembea kwenda sokoni Limbe, mjini Blantyre, saa kumi alfajiri. Polisi wakamkamata, akashtakiwa kwa kifungu cha aina hiihii, kilichotoka kwenye chungu kilekile cha mkoloni. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na Januari 2017 kifungu kile kikatangazwa kuwa kinyume cha katiba yao.

Muuza mifuko. Saa kumi alfajiri. Ukibadilisha mifuko ukaweka gunia la dagaa, huna haja ya kwenda Malawi.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikatoa maoni yake ya kishauri: sheria za uzururaji za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, nchi zirekebishe au zifute. Mahakama hiyo haiko mbali. Iko Arusha, ukipanda basi Nyegezi asubuhi unalala huko.

Nilifurahi kwa muda wa kama nusu saa. Kisha nikajiuliza, hivi furaha yangu ni ya nini? Tuseme vifungu vyote vya uzururaji vifutwe kesho. Askari bado atasimama kwenye barabara ya mwaloni, bado atauliza kitambulisho, na kijana bado atasema kipo nyumbani. Neno litakaloandikwa kwenye daftari litabadilika, basi.

Mfugaji wa Nevada

Usiku nikiwa na bando nikaenda mbali zaidi, Marekani, maana huko ndiko watu wanakokataa. Nilitaka kumwona mtu aliyekataa akashinda.

Nikamkuta Larry Hiibel, mfugaji wa jimbo la Nevada. Mei 2000 mtu alipiga simu polisi kwamba kuna mwanaume anampiga mwanamke ndani ya gari. Naibu sherifu akafika, akamkuta Hiibel amesimama pembeni ya gari, binti yake akiwa ndani. Akamwomba ajitambulishe. Akakataa. Akamwomba tena. Mara 11 jumla, mara 11 anakataa, mpaka pingu. Mahakama ikamtoza dola 250, akakata rufaa mpaka ya mwisho kabisa.

Nilikuwa upande wake. Nilisoma kama mtu anayeangalia mechi ya marudio ambayo matokeo yake hajayajua.

Juni 2004 Mahakama ya Juu ikamtupa. Majaji watano kwa wanne.

Niliudhika, nikafunga simu. Kesho yake nikarudia kusoma kwa utulivu na nikaona kitu nilichokuwa nimekiruka. Sheria ile ya Nevada ilidai jina peke yake. Mtu aseme naitwa fulani, basi. Kadi hailazimiki, na swali lingine lolote haruhusiwi kulazimishwa kulijibu. Tena askari lazima kwanza awe na sababu ya maana ya kumshuku mtu huyo. Miaka 25 kabla ya hapo, mwaka 1979, mahakama hiyohiyo ilishasema, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba huwezi kumsimamisha mtu na kumdai ajitambulishe kwa sababu tu umemwona mahali usipopapenda.

Kwa hiyo Hiibel alishindwa kwa kukataa kutoa kitu ambacho kijana wetu alikitoa baada ya shikamoo tu, na akaongeza cha mwenyekiti wa mtaa.

Kumbe nilikuwa nafuata kesi isiyonihusu. Inayonihusu ni ya Edward Lawson, mtu mweusi wa San Diego aliyependa kutembea kwa miguu. Kati ya mwaka 1975 na 1977 alisimamishwa au kukamatwa mara zipatazo 15. Sheria ya California ilimtaka anayesimamishwa atoe utambulisho wa kuaminika. Wa kuaminika kwa nani? Mwaka 1983 Mahakama ya Juu iliifuta, kwa sababu iliacha kila kitu mikononi mwa askari aliye mbele yako: yeye ndiye anayeamua kipi kinamridhisha, na raia hana njia ya kujua mapema atembee na nini ili afike salama.

Hilo ndilo lililokuwa linanikereketa bila kujua nilitaje vipi. Uniambie mapema unataka nini. Ukitaka jina, chukua jina. Ukitaka kadi, iandikwe kwenye sheria kwamba mtu akitoka kwenda kubeba mizigo majini atoke na kadi, tubishane bungeni huko, tujue moja. Lakini usinidai jina halafu nikikupa unaniambia hicho sicho.

Kadi isiyo na jina

Nchi hii na makaratasi tuna historia, na sisi wenyewe tunaisahau haraka.

Baba mdogo alikuwa Dar mwaka 1983, kijana wa kiwandani, wakati wa Nguvu Kazi, ile operesheni ya kuwapeleka wasio na kazi mashambani, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Mpaka leo anasimulia alivyokuwa anafunga kadi ya kazi kwa uzi na kuivaa ndani ya shati, anaoga nayo ikiwa kwenye msumari anaouona. Rafiki yake alikuwa fundi viatu chini ya mti. Kazi alikuwa nayo kuliko baba mdogo, kutwa kucha anashona. Kadi hakuwa nayo. Akapakiwa kwenye lori akalime.

Wakenya wana kumbukumbu kali zaidi: kipande cha enzi za mkoloni, mwanaume wa Kiafrika anatembea nacho shingoni ndani ya kikopo cha bati.

Na hivi karibuni tu, mwishoni mwa 2018, si tulikuwa na vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vya shilingi 20,000? Nimevipitisha kwenye leminesheni vingi mno, wamachinga wa Makoroboi wakiogopa visichakae. Vile vya mwanzo havikuwa na jina wala picha ya mwenye nacho. Namba tu. Kitambulisho kisichomtambulisha mtu, na kilifanya kazi vizuri sana: ukikitoa, mgambo anapita.

Nikikumbuka vile, karatasi yangu ya buku jero hainishangazi tena.

Bibi yangu wa Kwimba, yeye angecheka haya yote. Kwao mgeni akilala, balozi wa nyumba kumi anajua kabla jua halijachomoza. Enzi za sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijijini, ilikuwa kali zaidi. Ukikutwa njiani usiku unaulizwa mtoto wa nani, unaelekea kwa nani, na mtu anatumwa huko mbele kuuliza kama kweli wanakutegemea. Sisemi ilikuwa peponi. Sungusungu waliwahi kuua watu, na mgeni asiye na mwenyeji alikuwa na hali mbaya kuliko leo. Ninachosema ni kwamba walikuwa wanakwenda kuuliza. Jibu lako lilikuwa mwanzo wa kazi yao.

Kijana wa mwaloni alitaja watu wawili wa kuulizwa. Mmoja alikuwa hatua chache kutoka pale.

Masanja wa Kirumba

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu upolisi. Nilikwenda kwake jioni nikiwa na hoja zangu zote kichwani, nimejipanga kama wakili mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti yangu, uliwahi kumwona mwizi asiye na jina?"

Nikanyamaza.

"Injini ya mtumbwi imeibiwa saa nane usiku. Mwenye mtumbwi analia, hiyo injini ndiyo ada, ndiyo chakula, na mkopo bado hajamaliza. Wewe uko doria. Saa kumi anapita kijana na gunia. Unamuuliza, anakwambia naitwa Masanja wa Kirumba. Haya. Masanja wa Kirumba wako wangapi? Ukimwachia na ndiye, kesho mimi ndiye niliyeonwa naye njiani nikamwambia safari njema. Jina halina picha, binti yangu."

Hapa lazima niseme ukweli. Mwaka juzi walivunja dukani kwangu wakaondoka na printa kubwa na kompyuta. Asubuhi ile nilimuuliza huyuhuyu mzee, kwa sauti ya juu, doria ilikuwa wapi, na kwa nini watu wanapita na mizigo usiku hakuna anayewauliza. Alikumbuka. Hakunikumbusha kwa maneno, aliniangalia tu juu ya miwani.

Kwa hiyo nataka nini mimi? Nataka askari awasimamishe wanaobeba printa yangu na awaache wanaobeba dagaa. Na gizani magunia yanafanana.

Hilo sijalitatua, na sidhani linatatuliwa na kifungu chochote. Ila mzee aliongeza jambo ambalo sikulitegemea. Akasema zamani zao walikuwa wanaanza wao. Mimi ni koplo fulani, namba yangu hii, natoka kituo fulani, tunatafuta mali iliyoibiwa, wewe ni nani mwenzangu? "Ukianza hivyo mtu anajibu hata ambayo hukumuuliza. Asiye na sare ndiyo kabisa. Askari kanzu akikusimamisha gizani kabla hajajitambulisha, wewe unajuaje si mwizi mwenyewe?"

Kama mwanamke hilo ndilo lililonikaa. Usiku, mtu wa jaketi akiniambia toa kitambulisho, sijui naenda kumkabidhi nani jina langu, picha yangu na tarehe yangu ya kuzaliwa. Jina langu nitampa. Mkoba sifungui mpaka nimejua yeye ni nani.

Kopi kumi

Nilidhani nimefika mwisho wa fikra zangu. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa ya kumalizia: polisi wanaamini karatasi kuliko mtu. Niliipenda. Ningeiweka kama kichwa cha habari.

Ikaja kuharibiwa na mteja.

Askari, sare kamili, si wa kituo kile. Alitaka kopi kumi za cheti cha kuzaliwa cha mwanae, anamwandikisha shule. Ni mtu wa utani, namjua siku nyingi. Mashine inaendelea kutoa, nikamchokoza. Afande, hivi mnaziamini kweli hizi karatasi za NIDA ninazolaminisha hapa?

"Dada yangu, unatuona sisi watoto? Tunajua ni za steshenari. Hata mstari wako wa wino pembeni naujua."

"Sasa kwa nini mnamwachia mtu?"

Akahesabu kopi zake, akazigongesha mezani zikae sawa.

"Tunaangalia kama atakuja mtu. Mwenye watu, wanakuja. Mama, mke, tajiri wake. Wakija na karatasi au bila karatasi, tunajua huyu ana kwao. Asiye na kwao ndiye wa kumwangalia."

"Na akiwa na kwao Ukerewe? Kisiwani huko, simu hazishiki?"

"Huyo atasubiri."

Alilipa elfu moja. Wala hakuwa mtu mbaya, nasisitiza hilo. Alikuwa ananieleza kazi yake kama ninavyoweza kumweleza mimi kwa nini karatasi inakwama printa ikipata unyevu.

Lakini ona alivyozigeuza hesabu zangu zote. Karatasi haikuwa kitu. Kilichomtoa kijana ni mama aliyekuja nayo, kanga mbili na pumzi juu juu. Angekuja mikono mitupu pengine ingekuwa vilevile, ila hakuna anayethubutu kwenda kituoni mikono mitupu. Kwa maana hiyo askari wale wanafanya lilelile la bibi yangu wa Kwimba, wanatafuta mtu wa kumshuhudia mtu, isipokuwa wameligeuza kichwa chini miguu juu. Sungusungu alikuwa anakwenda kuuliza wenyeji wako. Hawa wanakuweka ndani wenyeji waje.

Na mji huu umejaa watu ambao wenyeji wao wako mbali. Mwaloni nusu ya wabebaji wametoka visiwani au mikoa mingine. Huku Kanda ya Ziwa kuna na jingine ambalo wa Dar hawalijui vizuri: ukiwa na pua fulani na lafudhi fulani, swali la kitambulisho linaingiza la uraia kwa mlango wa nyuma. Waliokuwa Kagera mwaka 2013 wakati wa Operesheni Kimbunga, ile ya kuwaondoa wahamiaji haramu, wanajua ninachozungumza. Mtu wa namna hiyo asipokuwa na wa kuja, masaa yake ni marefu.

Masaa yenyewe sheria imeyahesabu. Ukishikwa kwa kosa la kawaida, ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani, na ikionekana haiwezekani, swali la dhamana linafunguliwa pale pale kituoni. Na ukiwa chini ya ulinzi una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ndugu au rafiki! Niliposomewa hiyo na wakili nilimwomba arudie. Kwamba sheria yenyewe inajua mtu anahitaji mtu wa kuja, na imemruhusu amwite. Yule dogo kama angepewa dakika moja ya simu barabarani, mwenyekiti wa mtaa angemjibia akiwa bado kitandani.

Karatasi ya kijiweni

Wakili wangu na mimi tulibishana juu ya hili mpaka umeme ukakatika tukaendelea gizani. Yeye anaamini vijana wafundishwe sheria. Wajue kuuliza: nimekamatwa au naweza kwenda? Kosa langu ni lipi? Wewe ni nani na kituo chako kipi? Wajue Katiba ibara ya 15 inasema huwezi kunyimwa uhuru wako ila kwa utaratibu wa sheria, na ya 17 inampa kila raia haki ya kwenda atakako ndani ya nchi yake. Mimi nikamwambia kijana akiuliza hayo kwa mtu wa jaketi saa kumi na moja alfajiri anaongezewa tanganyika jeki nyingine. Akasema uoga wangu ndio unaoifuga hali hii. Nikamwambia yeye anasema hivyo kwa sababu ana kitambulisho cha uwakili mfukoni.

Wiki iliyopita akaja na flashi. Karatasi moja, ya kugawa kwenye vijiwe vya bodaboda na kwa vijana wa mizigo. Kaiandika vizuri, Kiswahili chepesi, hakuna Kilatini hata kidogo. Taja jina lako kamili na la kweli. Usikimbie, usitukane. Uliza kosa. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Omba kuwasiliana na ndugu.

Nikaprinti. Nilimtoza nusu bei, na nusu yenyewe ataleta mwisho wa mwezi.

Chini kulikuwa na nafasi nyeupe ya kama vidole vitatu. Bila kumuuliza nikaongeza mstari mmoja kwa herufi nene: *Namba ya mtu wako atakayekuja:* halafu nukta nukta mpaka pembeni.

Aliiona alipokuja kuzichukua. Akanuna, akaniambia hiyo si sheria na inaifanya karatasi yake ionekane ya kikoba. Nikamwambia najua si sheria, akitaka nazitoa upya bila mstari, ila wino ni wake. Akasimama pale anazipekua, moja baada ya nyingine, zote zina mstari.

Akaniuliza kama nina kalamu ya kuazima. Akachukua ya juu kabisa, akajaza namba yangu, akaikunja akaitia kwenye pochi yake.